Malalamiko Kuhusu Filta Iliyomfukuza Babu Yangu Pichani

Takaoka, mwishoni mwa Januari

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Kusikiliza Wateja,
Kampuni ya Vioo vya Kamera ya Tamamori.

Ndugu Mkuu,

Huku kwetu theluji imefika kwenye vizingiti vya madirisha, na anayetaka kutoka lazima kwanza achimbe. Natumaini huko kwenu njia zinapitika, wafanyakazi wote ni wazima, na mitambo yenu ya kupaka vioo utando wa kuzuia mng'ao inaendelea vizuri. Hilo la mwisho nalitaja kwa adabu tu, maana ndilo chanzo cha barua hii.

Naitwa Nojiri Chisato. Ninafanya kazi katika maktaba ya mji na nina shahada mbili za falsafa. Tasnifu yangu ilihusu swali la kama kitu tunachokiona kipo kweli pale tunapokiona. Ilisomwa na watu wanne, mmoja wao mama yangu, ambaye aliishia kwenye ukurasa wa shukrani kwa sababu jina lake lilikuwa hapo. Nawaeleza haya ili mjue kwamba hamkuandikiwa na mtu asiyefikiri. Kufikiri ndiyo karibu kazi pekee ninayoijua, na mtaona imenifikisha wapi.

Msimu wa vuli nilinunua filta yenu, kile kioo chembamba cha kukinga lenzi, ile ya daraja la juu kabisa. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo. Nimeyapa namba ili msiyachanganye na hasira.

1. Filta yenu haina kasoro.

Kwenye kisanduku mmeandika kwamba mtu akishaifunga mbele ya lenzi atasahau kama ipo. Nilidhani ni maneno ya biashara. Nimeifunga, na nimesahau kama ipo. Mara mbili nimejaribu kufunga filta nyingine juu yake nikidhani lenzi iko uchi.

Naomba msifikiri niliiokota tu. Lenzi yenyewe, ambayo ni kitu cha thamani kuliko vyote nilivyowahi kumiliki, niliichagua kwa siku moja. Filta ilinimaliza kiangazi kizima na nusu ya vuli. Nilisoma kila kilichoandikwa na wale wanaosema filta ni lazima, kisha nikasoma kila kilichoandikwa na wale wanaosema kuweka kioo mbele ya kioo kizuri ni sawa na kumvika bibi harusi koti la mvua. Kila upande ulinishawishi kabisa mpaka nilipofika upande wa pili. Niliwahi kuposwa, na siku hiyo nilijibu kabla chai haijapoa. Lakini posa haikuwa na swali la mng'ao.

Mzee Segawa, mwenye duka la kamera karibu na stesheni, alinitolea filta zote alizo nazo akazipanga juu ya karatasi nyeupe, nione ipi ina rangi na ipi haina. Nilikuwa nikienda kila Jumamosi, nikipiga magoti kaunta ikiwa usawa wa jicho. Mwishowe akaniambia, "Binti, hiki ni kioo, si mume. Kikikushinda unakirudisha."

Nikamwuliza, "Hata kama nimeshafungua kisanduku?"

"Hapo ndipo kinapofanana na mume," akasema.

Nikachukua ya kwenu.

2. Filta yenu imemfukuza babu yangu.

Hili ndilo lalamiko lenyewe, na naomba mlisome mkiwa mmekaa.

Marehemu babu yangu, Yasuzo, alikuwa fundi wa kuipa shaba rangi. Vinara vya mishumaa, kengele na vyombo vya maua ya madhabahu, vile vinavyotoka mji wetu kwenda nyumba za nchi nzima, vilipita mikononi mwake vikiwa vyekundu na kutoka vikiwa na kijani kile cha shaba iliyozeeka. Mikono yake nayo ilikuwa kijani mpaka kwenye viwiko. Haikutoka kwa sabuni. Harusini kwa baba yangu alivaa glavu nyeupe tangu asubuhi, na picha za siku ile zinamwonyesha kama mtu wa kuongoza magari.

Kwenye kumbukumbu yake ya mwaka wa tatu nilimpiga picha bibi yangu, Bibi Kinue, akiwa ameketi mbele ya madhabahu ya nyumbani, tunapowakumbuka marehemu wetu. Nilitumia lenzi yangu ya zamani, niliyoinunua kwa mtu ikiwa na filta yake kuukuu isiyojulikana ilikotengenezwa. Mshumaa ulikuwa chini kushoto. Picha ilipotoka, juu kulia, begani kwa Bibi, palikuwa na mwali mdogo wa kijani, umesimama kichwa chini.

Bibi alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Huyu hapa," akasema. "Kaja bila kunawa."

Mama akamwambia, "Mama, hiyo ni taa tu."

"Taa gani inasimama kichwa chini? Huyu katoka kunywa."

Kwa kuwa nimesoma, sikuweza kuliacha jambo hilo lipite. Nilichukua bahasha nikamchorea. Nikamwonyesha jinsi mwanga wa mshumaa unavyoingia kwenye lenzi, unagonga kile kipande cha ndani kinachopokea picha, unarudishwa nje, unagonga mgongo wa filta, kisha unarudi tena ndani ukiwa umepinduka na kuhamia upande wa pili. Nikamweleza kwamba ukijani unatokana na utando wa zamani, ambao humeza rangi nyingine na kuiacha hiyo itoroke. Bibi alifuata mistari yangu kwa kidole, toka mwanzo mpaka mwisho.

"Kwa hiyo anaingia, anafukuzwa, anagonga kioo, anaingia tena."

"Ndiyo, Bibi."

"Basi ndiyo njia aliyopitia. Hata hapa nyumbani alikuwa akiingia hivyohivyo."

Ndugu Mkuu, nimetetea tasnifu mbele ya maprofesa watatu, na hakuna aliyeichukua hoja yangu ikawa yake namna ile.

3. Muda tulio nao ni mfupi.

Moyo wa Bibi una kilango kisichofunga vizuri, na madaktari wanataka wamfanyie upasuaji mwezi wa tatu. Bibi amesema hatapanda kitanda chao mpaka picha yake ya mazishi, ile ya kuwekwa mbele ya jeneza na baadaye ukutani, iwe tayari. Hakuna aliyempinga. Dada yake alipofariki bila kuandaa picha, watoto walimkata kutoka kwenye picha ya safari ya chama cha ushirika, na mpaka leo anatutazama kutoka ukutani akiwa na mpini wa mwavuli wa mtu mwingine sikioni. Bibi hataki mwavuli. Anataka Yasuzo awe begani pake, kama siku ile.

Picha ya siku ile haifai. Bibi anatafuna, macho kafumba, na mimi mpigaji nilitikisika. Ndiyo maana nikanunua lenzi bora kuliko uwezo wangu, na ndiyo maana nikahitaji filta ya kuilinda, na ndiyo maana mnasoma barua hii.

Kwa filta yenu, Bibi ametoka vizuri mno. Unaweza kumhesabu nyusi. Mshumaa umetulia, kinara kinang'aa inavyostahili. Na kulia, pale panapomhusu Babu, pana ukuta. Ni ukuta safi sana, nawapongeza. Nimeusogeza mshumaa, nimeuinua, nimewasha miwili, nimepiga nikiwa nimelala kifudifudi juu ya mkeka mpaka shavu likapata alama za nyasi. Ukuta.

"Kaenda wapi?" Bibi akauliza.

Nikamwambia hajaenda popote, ni filta imekuwa nzuri kupita kiasi.

"Au kakasirika," akasema. "Mwezi uliopita nilimbadilishia chai."

Tukarudisha chai ya zamani kwenye kikombe chake cha madhabahuni. Hakutokea. Bibi akakumbuka kwamba sweta ya Babu alimpa fundi bomba. Nikampigia fundi bomba simu, akaja akiwa ameivaa, akaivua mlangoni kwa heshima na kurudi kwenye theluji amekunja mikono kifuani. Babu hakutokea. Bibi akasema basi itakuwa ni mieleka, maana siku hizi tunaizima televisheni kabla ya pambano la mwisho. Tangu hapo televisheni inawaka kila jioni kwa ajili ya mtu aliyefariki, na mimi ninayelipia umeme sijui hata nani anaongoza.

Kilichonishangaza ni kwamba kila picha ilipotoka bila Babu, Bibi hakuhuzunika. Alikula vizuri, akaomba aongezwe wali wa siki na samaki. Niliuchukulia kuwa ni uvumilivu wa kizazi chao. Hospitali walipopiga simu kuuliza kama amejiandaa, alichukua simu mwenyewe akawajibu kwa sauti ya mtu mwenye shughuli nyingi, "Picha bado."

4. Filta rahisi nayo imetuletea mtu mwingine.

Mtauliza kwa nini sikununua filta mbaya. Nilinunua. Mzee Segawa alinitafutia ya bei ya chini kuliko zote, kwenye boksi la vitu vya kumalizia, vile vilivyokosa wanunuzi, na akanitazama kama mtu anayemuuzia daktari sigara. Niliifunga kwa furaha. Picha ikatoka na mwanga, lakini si wa kijani. Ulikuwa mweupe, mpana, umejaa katikati ya picha kama mtu aliyevaa kimono cha baridi.

Bibi aliitazama akarudi nyuma.

"Huyu si Yasuzo. Huyu ni mama yake."

"Bibi, ni filta tu haina utando wa kutosha."

"Namjua. Angalia alivyokaa katikati yetu. Miaka yote nimeishi naye nyumba moja, akionja supu yangu kwa kijiko chake mwenyewe. Sasa unataka nikae naye ukutani?"

Akaniomba niitoe filta ile nje ya nyumba. Wakati naitoa, nilimsikia akimwambia mwanga ule, kwa upole, kwamba supu haikuwa na chumvi nyingi.

Napenda iandikwe kwamba kampuni yenu inahusika na hili pia, kwa sababu bila ubora wenu nisingekwenda kwenye boksi la vitu vya kumalizia.

5. Filta ya zamani ni ndogo.

Ile filta kuukuu iliyomleta Babu ninayo bado, lakini mdomo wa lenzi mpya ni mpana kuliko yenyewe. Niliishikilia kwa mipira ya kufungia mboga. Picha ikatoka imezungukwa na weusi, Bibi akiwa katikati amekunja mikono. Akasema anaonekana kama mtu aliyetumbukia kisimani na hana haraka ya kutolewa.

Mtu mwenye akili angerudisha lenzi ya zamani kwenye kamera na kupiga picha kwa utulivu zaidi. Nilijaribu. Kilango cha kupitishia mwanga cha lenzi ile kimekwama tangu Desemba, na Mzee Segawa anasema kipuri chake hakitengenezwi tena. Aliniambia hilo kwa sauti ya chini, kama anayetoa taarifa ya msiba.

6. Bila filta siwezi.

Hili ni la aibu, lakini nimeahidi ukweli. Bila filta Babu haji, hilo mnalijua kuliko mimi. Hata hivyo nilitaka nijaribu kwa ajili ya ukamilifu wa hoja. Niliifungua filta yenu, nikainua kamera, kisha nikaishusha. Udi ulikuwa unawaka, majivu yanaelea, Bibi ana mafua. Nilihisi kama nimemsimamisha mtoto mchanga katikati ya karakana. Nimeandika kurasa mia mbili nikidai kwamba vitu haviwezi kumilikiwa kwa maana ya ndani kabisa ya neno hilo, na nilipopiga chafya mimi mwenyewe, niliikinga lenzi kwanza na Bibi baadaye.

7. Madhara kwa taifa, na ninachoomba.

Kila mwaka mnatangaza kwamba mmepunguza mwanga unaorudi. Mmepunguza tena, mmepunguza zaidi, mmekaribia kuumaliza. Je, katika vikao vyenu kuna aliyewahi kuuliza ni nani anayepunguzwa?

Nimelitafakari jambo hili kwa mpangilio. Ikiwa wajane wa nchi hii wanawategemea waume zao watokee pichani, na ninyi mmewaziba njia, basi wajane hawatapata picha za mazishi. Wasipopata picha, hawatakwenda kwenye upasuaji. Wasipokwenda, wengine watakufa kabla ya wakati, na hilo ni kosa lenu. Lakini wapo pia watakaokataa kufa kwa kuwa hawajawa tayari, na wale wazee wa milimani mnajua walivyo wabishi wakishaamua. Vijiji vimeshajaa wazee, shule zinafungwa kwa kukosa watoto, na sasa kampuni ya vioo inazuia hata kule kuondoka kwa kawaida. Sitaki kuwa mtu atakayewapeleka mbele ya Bunge. Ninasema tu kwamba hoja inaelekea huko yenyewe.

Kwa hiyo naomba kwa heshima:

Kwanza, mtengeneze filta moja yenye kasoro, mkaiite Toleo la Yasuzo. Upande wa mbele mwachie uzuri wake. Upande wa nyuma upakwe utando wa kizamani, kwa kijani cha shaba iliyozeeka, si kijani cha majani wala cha taa za barabarani. Mwali utoke mdogo, begani, kichwa chini. Mhakikishe kwa vipimo vyote mlivyo navyo kwamba mama mkwe hapiti.

Pili, mtume wakubwa wawili wenye suti nyeusi na sanduku la keki, kama ilivyo kawaida kampuni inapokuja kuomba radhi. Kwa kuwa kosa lenyewe ni kutokukosea, sijui inafaa wainame hadi wapi. Naona kiunoni panatosha. Wainame mbele ya madhabahu, wamweleze Babu kwamba amefungiwa nje kwa sababu za kiufundi na si kwa sababu ya chai. Keki isiwe na maharagwe matamu mengi ndani, Bibi yanamjaza tumbo.

Tatu, haya yote yafanyike kabla ya mwezi wa tatu. Naandika kwa ukali ambao si tabia yangu kwa sababu ya mwezi huo wa tatu. Daktari aliniita pembeni akaniambia kilango kile hakina subira.

Naishia hapa. Nawasalimu mafundi wa utando na mafundi wa kung'arisha, na yule anayekagua filta kwa kuziinua mbele ya taa siku nzima, ambaye macho yake nayaonea huruma. Msalimieni mlinzi wa geti. Mama yangu anawasalimu pia na anaomba radhi kwa niaba yangu, kama afanyavyo kila ninapoandika kitu. Bibi Kinue anawatakia afya.

Mimi mteja wenu, asiye na la kulalamikia kuhusu ubora,

Nojiri Chisato

Tanbihi: Kabla ya kufunga bahasha nilimsomea Bibi barua hii mezani, ili athibitishe maneno yake. Alicheka kwenye mama mkwe, akanisahihisha kuhusu kijiko, kwamba kilikuwa cha mbao. Nilipofika kwenye Toleo la Yasuzo aliweka kikombe chini.

"Usiipeleke," akasema.

Nikamwambia ni barua ya adabu.

"Adabu naiona. Je, wakikusikiliza? Wakiitengeneza, atakuja. Akija, picha imekamilika. Picha ikikamilika, mimi nitamwambia nini daktari?"

Nilidhani sijasikia vizuri. Akaniambia, akiitazama chai, kwamba kila asubuhi anapomwekea Babu kikombe chake humwomba asije. "Namwambia, Yasuzo, tulia hukohuko. Nisaidie mara hii moja." Kisha akasema watampasua kifua kwa msumeno, kama wa karakana, na kwamba tangu vuli kila mtu humu ndani amemwuliza kuhusu picha. Hakuna aliyemwuliza kama anaogopa.

Nimemtazama Bibi miezi yote hii kupitia kioo safi kuliko vyote vinavyouzwa katika nchi hii. Hilo sikuliona.

Tulikaa mpaka chai ikawa baridi. Nilimwuliza, akanijibu, na majibu yake si ya kuandikwa kwa kampuni. Baadaye nikapiga simu hospitali, wakasema mtu mmoja anaruhusiwa kulala kwenye kiti kando ya kitanda. Nitakuwa mimi. Bibi amekubali kwenda, kwa sharti kwamba picha isipigwe kwanza. Anasema hataki kuacha kila kitu kikiwa tayari nyuma yake. Anataka pawe na kazi inayomsubiri akirudi.

Barua naipeleka kwa sababu stempu nimeshaibandika, na kuibandua kunaharibu bahasha. Lakini malalamiko yote saba nayaondoa. Filta yenu ni nzuri. Tafadhali msibadilishe chochote, angalau mpaka mwezi wa nne.